Mpimaji Asiyenukia

Mtaani kwetu Ukunda walikuwa na neno lao juu yake, nalo halikuwa neno jema. Walisema yule mama anakaa eda ya mume aliye hai. Mgeni akilisikia hilo huenda asione uzito wake, lakini kwetu Pwani mwanamke aliyefiwa na mumewe ndiye anayeacha manukato mpaka eda yake iishe. Hajifukizi udi, hapaki mafuta ya haludi, haweki kikuba cha asmini kifuani. Sasa mwanamke mwenye mume mzima, mume anayekwenda msikitini kwa miguu yake na kurudi na mkate mkononi, akawa hanukii chochote siku nenda siku rudi, watu wasemeje? Walisema anamwombea kifo. Midomo ya watu haina kufuli, jamani.

Mimi nilijua sababu, maana nilifanya kazi chini yake katika maabara ile ndogo iliyo nyuma ya barabara ya uwanja wa ndege. Tulikuwa tukipima maji ya visima vya hoteli, mafuta ya kupikia, na hasa vipodozi: krimu, losheni, sabuni za maji. Kazi yake yeye ilikuwa kutafuta dawa za kuua vijidudu zilizotiwa ndani ya vipodozi hivyo, na iliyomshughulisha kuliko zote ilikuwa ile iitwayo triklosani. Kuna wateja wasioitaka kabisa kwenye ngozi zao, na hoteli za Diani na Galu zinawasikiliza wateja hao. Tulimwita Mpimaji sote, hata mumewe, nami sitamwita vingine hapa.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda nimejipamba. Ebo, kazi mpya! Nilijifukiza udi tangu alfajiri, nguo na nywele, nikapaka na mafuta ya asmini mikononi. Nilimkuta mlangoni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umependeza, mashallah. Sasa rudi nyumbani ukaoge.”

Nikacheka, nikidhani mzaha. Hakucheka. Alichukua kipande cha pamba, akanipitishia mkononi, akakichovya katika kiyeyusho, akavuta tone moja kwa sindano na kulitia katika mashine yake ya kupimia. Tukasimama mbele ya kioo cha kompyuta. Mstari ulikwenda sawa kwa muda, kisha vikaanza kuchomoza vilele, kimoja baada ya kingine, vyembamba na vinene, mpaka kioo kikajaa.

“Huyu ni wewe,” akasema. “Na krimu ya mteja iko wapi hapo? Nionyeshe.”

Ingezikwa chini ya vilele hivyo. Nilikwenda nyumbani nikaoga kwa maji peke yake, na njiani nililia, nasema kweli, kwa sababu nilikuwa nimejiona mrembo. Tangu siku ile mpaka nilipoacha kazi nami pia sikunukia, na mama yangu mzazi aliniuliza kwa siri kama kuna jambo baina yangu na mume wangu.

Lakini msidhani hakupenda manukato. Ijumaa hatukufungua maabara, na Alhamisi ikishuka jua nyumba yake ilikuwa inanukia mpaka uani. Mumewe alikuwa amepanda mti wa asmini kando ya dirisha la jikoni, na yeye mwenyewe, mzee wa watu, alichuma yale maua na kuyaweka katika kisahani, ayakute mkewe akitoka kuoga. “Mimi nina mke siku moja kwa wiki,” alizoea kusema, “hizo nyingine nimemkopesha mashine.” Wote wawili wakicheka. Sijaona watu wazima waliopendana vile bila kuona haya.

Mashine yenyewe aliijua kama mtu anavyoijua tabia ya mkwe wake. Ndani yake mna tanuri dogo, na ndani ya tanuri mna mrija mwembamba kama uzi, mrefu, umeviringwa. Gesi inapita humo mchana kutwa. Ukitia tone, joto linaligeuza mvuke, gesi inausukuma, na kila kitu kilichokuwamo kinatoka upande wa pili kwa wakati wake. Chepesi kinawahi, kizito kinachelewa. Ukijua wakati wa kitu unakitambua, na ukipima ukubwa wa kilele chake unajua ni kingi kiasi gani. Triklosani ina ukaidi wake, hung'ang'ania njiani, kwa hiyo kabla ya kuipitisha huchanganywa na dawa nyingine na kupashwa moto ipate kuruka vizuri. Yeye aliita kazi hiyo kuivisha koti. Na koti hilo halivumilii maji hata chembe. Hapa kwetu, ambapo hewa yenyewe ni maji, hata chumvi ya mezani haimiminiki kutoka kichupani, alikuwa akifunga kitambaa kipajini lisidondoke jasho, akazima feni, akafunga madirisha, nasi tukaiva humo ndani. Hukuruhusiwa kuguna.

Kila asubuhi alianza kwa kupima kisichokuwa na kitu. Alichukua kiyeyusho kitupu, akakipitisha hatua zote kama inavyopitishwa krimu ya mteja, akakiingiza mashineni. Kikitokea hata kinundu, vyombo vyote vinaoshwa upya na kazi inaanza tena. Nilimwambia mara moja kwamba tunapoteza asubuhi nzima kupima bure. Aliniangalia kwa huruma.

“Usipojua uchafu wako mwenyewe,” akasema, “utambebesha mwingine.”

Alikuwa na neno jingine alilotukataza: hamna. Ukimwambia ndani ya krimu hii hamna triklosani, anakusimamisha papo hapo. “Usiseme hamna. Sema sikuona.” Kwa maana mashine ina mwisho wa kuona kwake, kama jicho, na kilicho chini ya hapo Mungu ndiye akijuaye. Aliandika hivyo hivyo katika majibu ya wateja, na wateja walikasirika, maana mtu amelipia asikie hamna. Mumewe akaigeuza utani wa nyumbani. Mchuzi ukipungua chumvi alisema, “Mpimaji, chumvi humu sikuiona,” naye anamsukumia kichupa bila kumwangalia.

Basi mwanamke huyo huyo, akiingia jikoni, hapimi kitu. Nilimwomba anifundishe pilau yake. Akasema utie bizari ya pilau kiasi. Kiasi gani, Mama? Kiasi chake. Maji je? Utaona. Lahaula! Mtu anayegombana na wewe kwa nusu ya tone, leo anakwambia utaona. Nilipika pilau tatu mbaya kwa ajili yake, na mpaka leo yangu haifiki.

Kingine nilichokuwa sikielewi ni uongo wake kwa wagonjwa. Jirani yetu mmoja alikuwa na maradhi yaliyomkausha mpaka akabaki macho matupu, Mungu amrehemu. Tulikwenda kumtazama, na Mpimaji akamshika mkono akamwambia, “Leo umenawiri, dada yangu, hata uso una damu.” Tulipotoka nikambana. Nikamwambia, Mama, wewe si ndiye unayetukataza kusema tusilolipima?

“Mwanangu,” akasema, “yule hakuniletea sampuli.”

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalisimulia kwa uzito, kwa sababu lilimgharimu damu yake.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, wa kike, tumbo moja. Huyo alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama katika kijiji kimoja nyuma ya Msambweni, wanaotengeneza krimu ya mwili kwa mafuta ya nazi, mwarobaini na mwani. Walianza kwa sufuria moja na kuuzia majirani. Kisha hoteli moja ya Galu ikaijaribu, ikaipenda, ikataka kuiweka katika vyumba vyote vya wageni. Sharti lilikuwa moja: krimu iwe ya asili, isiwe na dawa ya kuua vijidudu. Hoteli yenyewe ilichukua kopo moja kwao na kulileta kwetu lipimwe. Wanawake wale walikuwa wamekwisha kusherehekea. Wengine wameacha vibarua vyao vya mashambani, na mwenyekiti wao amewaahidi mbele ya watoto wao.

Mpimaji aliangalia jina kwenye kopo, akaniambia nilipime mimi, yeye asiliguse, isije ikasemwa. Nikapima. Kiyeyusho kitupu kilikuwa safi. Krimu ikatoa kilele mahali pale pale pa triklosani. Kidogo, lakini kilele. Nikarudia, kikarudi. Akanisogeza kando, akarudia mwenyewe kuanzia mwanzo, na kikarudi tena.

Alikaa kwenye kiti, akasema, “Ni kidogo mno. Mtu anayetia dawa hutia ya kufanya kazi. Hii haiwezi kuua hata kijidudu kimoja. Imeingiaje?”

Ijumaa yake, siku yake ya manukato, aliiacha. Maua ya asmini yalibaki katika kisahani, akaniambia twende Msambweni. Mdogo wake alitupokea kwa vifijo, akidhani tumeleta habari njema. Mpimaji akaomba tuketi tuwatazame wakifanya kazi kama kawaida.

Kabla ya kugusa sufuria, mwenyekiti aliwapanga wanawake wote foleni. Kila mmoja alinawa mpaka viwikoni kwa sabuni ya maji kutoka katika dumu kubwa. Alitueleza kwa fahari kwamba afisa wa hoteli alipokuja kukagua aliwahimiza usafi, akawaachia dumu hilo, sabuni ya dawa. Nao wakanawa, wakatoa povu, wakalifuta kwa kanga, wakaingia kukoroga krimu kwa mikono. Hakuna aliyesuuza.

“Hamsuuzi?” Mpimaji akauliza.

“Dada, ni dawa hiyo,” mdogo wake akajibu. “Dawa ukiisuuza itafanyaje kazi?”

Ndiyo hivyo. Dawa ya kupaka kwetu haioshwi. Inaachwa ikauke, iingie mwilini. Nani angewalaumu? Mpimaji alichukua sabuni kidogo katika kichupa, na siku iliyofuata mashine ikatuonyesha kilele kile kile, sasa kirefu kama mnazi.

Ile Ijumaa, kabla hatujaondoka, alimweleza mdogo wake anachoshuku. Yule akashusha pumzi kwa furaha. “Alhamdulillahi! Basi ni jambo dogo. Leo hii tunasuuza, tunatengeneza nyingine, nakupa kopo jipya. Ukilipima hilo, andika hilo.”

“Kopo jipya nitalipima kwa jina la kopo jipya. Waliloleta hoteli ndilo ninaloliandikia majibu yao.”

“Lakini dada, unajua hatukutia kitu!”

“Najua. Nitaandika kwamba najua. Na nitaandika kwamba imo.”

Niliona uso wa mdogo wake ukibadilika. Alianza kumbembeleza kwa upole. Akasema, andika sikuona, si ndilo neno lako? Mpimaji akasema, “Lakini niliona.” Basi yule akalia, mbele ya wanawake wake wote, akasema neno ambalo sijalisahau: “Tumelala tumbo moja mimi na wewe, na leo unanipima kama mtu baki.”

Mpimaji aliandika kama alivyosema. Aliandika ni kiasi gani, akaandika imetoka wapi, akaandika kwamba sabuni ile ililetwa na hoteli yenyewe, akapendekeza krimu mpya ipimwe tena bila malipo. Afisa wa hoteli, kijana wa bara, alikuja mwenyewe, akasoma amesimama.

“Madam, mimi hizi story mingi sina time nazo. Iko ama haiko?”

“Imo, mwanangu. Lakini soma na hapo chini.”

“Si basi iko.” Akakunja karatasi, akaenda zake. Hoteli ikachukua krimu ya kampuni nyingine kutoka mbali, na kile kikundi kikasambaratika kabla ya mwezi wa Ramadhani. Krimu mpya haikupimwa na mtu.

Nilimkasirikia, sitaficha. Nilimwambia angeweza kungoja juma moja tu, kopo jipya likaja, mambo yakaisha. Alikuwa akiosha vichupa. Akasema, “Na kesho akija mwingine na kopo lake, nimwambie nini? Kwamba wewe huna dada hapa?” Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua kwamba analia, nikaona aibu, nikachukua kitambaa nikafuta vichupa pamoja naye.

Idd ile alimpelekea mdogo wake sahani ya mahamri ya iliki, kama kila mwaka. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, seuze ya ndugu. Utatia hata ndimu mbili, hata sukari kidogo. Sahani ilirudi imeoshwa, inang'aa, haina kitu. Mpimaji aliipokea mlangoni, akaigeuza huku na huku, akaiweka kabatini. Idd iliyofuata akapeleka tena, ikarudi vile vile. Hakuacha kupeleka. Mumewe alimwambia awache, anajiumiza, naye akasema yeye anafanya kazi yake ya kupeleka, kurudisha si kazi yake. Miaka ikapita hivyo. Mimi nikaacha maabara nikahamia kwa watu wangu Shimoni, nikawa namwona mara moja moja tu.

Mwaka jana mumewe alifariki. Aliondoka kwa upole kama alivyoishi, baina ya sala mbili. Nilikuwa safarini, sikuwahi maziko, na nilipopata nafasi ya kwenda kumpa mkono alikuwa tayari ameketi eda kwa majuma kadhaa. Eda ya kweli sasa. Njiani nilikumbuka lile neno la mtaani na nikaona uchungu.

Nyumba haikunukia kitu. Nje, kando ya dirisha la jikoni, asmini ilikuwa imechanua vibaya sana, na maua yameanguka chini yakawa ya kahawia, maana hapakuwa na wa kuyachuma. Nilibisha hodi. Aliyenifungulia mlango alikuwa mdogo wake.

Nilistuka. Akaniambia niingie, yuko tangu siku ya msiba, hajaondoka.

Mpimaji alikuwa kwenye mkeka, amevaa nguo zake za eda, amepungua. Nikambusu mkono. Ule mkono! Miaka yote ya viyeyusho ilikuwa imemla ngozi, na sasa bila mafuta umepasuka vidoleni mpaka unaona nyama. Tukasoma Fatiha. Tukanywa chai. Dada wawili wale hawakuwa wakizungumza sana, lakini walikuwa wakipeana sukari bila kuombana.

Kisha, bila mtu kuuliza, Mpimaji akasema, “Kopo lile wakiniletea leo, nitaandika vile vile.”

“Najua,” mdogo wake akasema. “Ndiyo maana sikuja.”

“Na sasa?”

“Sasa umefiwa.”

Akainuka, akaenda uani. Tulisikia maji yakimwagika, muda mrefu. Aliporudi mikono yake ilikuwa inachuruzika, na alikuwa na kikopo kidogo. Alimweleza dada yake kwamba ni mafuta ya nazi, ameyapika mwenyewe, hayana marashi, na amemuuliza sheikh, kasema ya kutibu ngozi hayana neno kwenye eda. Akaketi mbele yake. Akamwonyesha viganja, pande zote mbili, kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni.

“Nimenawa kwa maji matupu,” akasema. “Nimesuuza na kusuuza. Hamna kitu humu, dada.”

Neno hilo. Nilimwangalia Mpimaji nikingoja amsahihishe, na nadhani mdogo wake alingoja vile vile, maana alinigeukia mimi haraka na kuninyooshea kikopo. “Au chukua, mwanangu, ukapime kwanza. Kuna wenzako pale maabara bado. Mimi nitangoja.”

“Kwani ameniletea sampuli?” Mpimaji akaniuliza.

Nikakirudisha kikopo kwa mdogo wake. Mpimaji akampa mikono yote miwili, na yule akachota mafuta kwa ncha ya kidole, akaanza kumpaka, kidole kimoja kimoja.